Kampuni inasema "sisi hatuna siasa" huku inashawishi wabunge. Hiyo tuiite nini?

#1 Karani wa Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa katika kitengo cha mahusiano na serikali cha kampuni moja. Kazi yangu ilikuwa ya ukarani: kupanga mafaili, kuandika muhtasari wa vikao na maofisa wa wizara, kuandaa rasimu za maoni yanayopelekwa kwenye kamati za bunge. Wiki moja idara ya utumishi ikatuletea waraka. Ulisema ni marufuku mfanyakazi kutoa msimamo wa kisiasa kwa namna yoyote inayoihusisha kampuni, kwa kuwa "kampuni yetu haina siasa". Siku niliyotia saini kwamba nimeusoma, mezani kwangu kulikuwa na rasimu ya kuwaomba wabunge waondoe kifungu kimoja kwenye muswada wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini.

Nilisaini, nikaendelea na rasimu. Tangu siku ile swali halijanitoka: ile rasimu ilikuwa nini kama haikuwa siasa?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kampuni inapoishawishi serikali kuhusu sheria, imechukua msimamo wa kisiasa. Sisemi imefanya kosa, wala sisemi inyamazishwe. Nasema kitendo kina jina lake, na kukificha jina kunawaumiza watu fulani, kuanzia na wafanyakazi wake wenyewe.

Tatizo kubwa naona liko kwenye neno. Wazee wetu walilitumia neno siasa hata kwa maana ya upole na uangalifu: "mwambie kwa siasa", "nenda naye kwa siasa". Siku hizi tumelibana mpaka limebaki vyama, mikutano ya kampeni na sanduku la kura. Kwa hiyo kampuni ikisema haina siasa, inamaanisha haina chama, na huenda ni kweli kabisa. Ila chama ni chumba kimoja tu kwenye nyumba hiyo. Nani alipe kodi kiasi gani, nani aruhusiwe kumwaga nini mtoni, aliyekatwa kidole na mashine alipwe na nani: hayo yote huamuliwa humo humo ndani, na mara nyingi bila chama chochote kutajwa.

Kipimo changu ni hiki. Ukimwendea mwenye mamlaka ya kutunga sheria ukamwomba ayatumie kwa namna fulani, na matokeo yake yatawafunga watu ambao hawakuwepo kwenye kikao chenu, umeingia kwenye siasa. Tukiuziana bidhaa, mimi na wewe tumekubaliana na anayekataa hanunui. Sheria inamfunga hata aliyeikataa.

Na wanasheria wenyewe wamelikubali hili pale linapowahusu watu wengine. Uingereza, mwaka 1981, mahakama ilikataa kuutambua mfuko wa Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, kuwa taasisi ya hisani. Hakuna aliyesema Amnesty inaunga mkono chama fulani. Sababu ilikuwa kwamba baadhi ya malengo ya mfuko, yakiwemo kuzishinikiza serikali zibadilishe sheria na maamuzi yao, ni malengo ya kisiasa. Kwa hiyo mtu anayeomba mateso ya wafungwa yakomeshwe kisheria anaambiwa hiyo ni siasa. Kiwanda kinapoomba kifungu kiondolewe, tunaambiwa ni biashara. Naomba mtu anieleze tofauti iko wapi, maana mimi nimeitafuta nikaikosa.

Karibuni.

#2 Mhasibu Mkweli

Mkuu, uzi mzuri ila naomba kutofautiana.

Mwamba ngozi huvutia kwake. Kampuni ina wanahisa, na mkurugenzi ana wajibu wa kulinda mali yao. Ikija sheria inayoongeza gharama akakaa kimya, atakuwa amezembea. Anapokwenda kuzungumza na wabunge anatimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya, sawasawa na kununua bima au kukata rufaa ya kodi. Msimamo wa kisiasa ni jambo la imani: unaamini jamii iwe hivi au vile. Kampuni haiamini chochote, inapiga hesabu.

Halafu angalia michango. Kampuni nyingi za Marekani zina kamati za kuchangia wagombea, na huchangia vyama vyote viwili. Mtu mwenye msimamo anachangia pande mbili?

#3 Karani wa Zamani

Ndugu Mhasibu, nashukuru kwa kuja na hoja.

Unasema hesabu si imani. Sawa. Lakini mpiga kura anayechagua mgombea kwa sababu ameahidi kupunguza kodi naye amepiga hesabu, na hakuna anayesema kura yake haikuwa ya kisiasa. Mkulima anayeandamana kwa ajili ya bei ya mazao amepiga hesabu. Ukiyatoa maslahi kwenye siasa, sijui kitabaki nini cha kuzungumza bungeni. Na methali yako naikubali kabisa, ila tujiulize ngozi inayovutwa ni ya nani. Hapa ni ya wote.

Kuchangia pande zote mbili, nadhani kunathibitisha ninachosema. Anayefanya hivyo hajali nani anashinda, anajali jambo lake lipite yeyote akishinda. Hana msimamo juu ya chama. Juu ya jambo anao, tena imara kiasi kwamba uchaguzi hauutikisi.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu: sheria ya kodi ya Marekani, tangu mabadiliko ya 1993, hairuhusu kampuni kutoa kwenye mapato yake gharama za kushawishi utungaji wa sheria za taifa kana kwamba ni gharama za kawaida za biashara. Kifungu hichohicho ndicho kinachozuia gharama za kampeni za uchaguzi. Vimewekwa kapu moja. Kwa hiyo mfano wako wa bima unakwama hapo: bima inakatwa kwenye hesabu ya kodi, ushawishi haukatwi. Mtoza kodi ameshaona kwamba ni vitu viwili.

#4 Nahodha wa Mchana

Mimi naona mnabishana juu ya jina tu. Iitwe siasa, iitwe biashara, kinachobadilika ni nini?

#5 Karani wa Zamani

Kinabadilika kikubwa, Nahodha. Nakupa mfano mmoja ulio hadharani.

Septemba 2020 mkuu wa Coinbase, kampuni ya soko la sarafu za kidijitali, Brian Armstrong, alitangaza kwamba kampuni yake itajikita kwenye lengo lake na haitajihusisha na harakati za kijamii na kisiasa zisizohusiana nalo. Wafanyakazi wasioridhika walipewa nafasi ya kuondoka kwa malipo, na takriban 60 waliondoka, kama asilimia 5 ya wafanyakazi wote. Kwa haki yake, Armstrong aliandika wazi kwamba masuala ya kisera yanayogusa lengo la kampuni yatabaki. Hakudanganya mtu. Na kweli, uchaguzi wa Marekani wa 2024 ulipofika, Coinbase ilikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa Fairshake, kamati iliyomwaga fedha kuwasaidia wagombea wanaoipendelea sekta ya sarafu za kidijitali na kuwapinga wasioipendelea. Mchango wa kampuni hiyo ulikuwa makumi ya mamilioni ya dola.

Tazama mpaka ulipowekwa. Jambo linalomgusa mfanyakazi, mathalani jinsi polisi wanavyowatendea watu wa rangi yake, ni siasa na libaki nje ya mlango. Jambo linaloigusa kampuni ni "lengo", linaingia na fedha juu. Anayepewa haki ya kuamua kipi kiitwe siasa ameshapewa haki ya kuamua nani anyamaze. Ndiyo maana jina si dogo.

#6 Dada wa Maktaba

Naunga mkono hoja, na naongeza jambo ambalo Karani hujaligusa: jina hubadilika kulingana na anayekasirika.

Mwaka 1967 bunge la jimbo la Florida, kwa maombi ya Disney, liliunda wilaya maalumu iliyoipa kampuni madaraka yanayokaribia ya halmashauri juu ya ardhi yake: barabara, majitaka, kanuni za ujenzi. Kwa zaidi ya miaka 50 hilo lilichukuliwa kuwa mpango wa maendeleo. Mwaka 2022 ikaja sheria ya jimbo hilo inayobana mafundisho kuhusu mwelekeo wa kijinsia katika madarasa ya watoto wadogo. Disney kwanza ilikaa kimya, wafanyakazi wake wakaja juu, ndipo ikatamka kwamba inaipinga. Hapo ndipo viongozi wa jimbo wakasema kampuni imeingilia siasa, na ile wilaya ikaguswa: mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kuivunja, na 2023 gavana akakabidhiwa uteuzi wa bodi yake.

Kwa mtazamo wangu, kuomba madaraka ya kiserikali juu ya ardhi ni siasa nzito kuliko tamko moja. Lakini lililohesabiwa kuwa siasa ni lile la pili, kwa sababu lilisikika. Ushawishi wa ofisini hausikiki, basi watu wanadhani haupo.

#7 Fundi Mitambo

Wakuu, mimi ni mhandisi na ninyi wote mnanitia hofu kidogo.

Nimewahi kuitwa mbele ya kamati kueleza joto na shinikizo ambalo mitambo ya aina fulani inaweza kuhimili. Rasimu ya kanuni ilikuwa na kiwango ambacho hakiwezekani kifizikia. Nisingekwenda, wangepitisha kanuni ambayo hakuna mtu duniani angeweza kuitii. Nililipiwa nauli na kampuni. Kwa kipimo cha Karani, nilichukua msimamo wa kisiasa? Mimi nilipeleka namba tu. Mkiita hiyo siasa, wataalamu watakaa nyumbani na sheria zitatungwa na watu wasiojua wanachokitunga.

#8 Karani wa Zamani

Fundi, hii ndiyo hoja iliyonilaza macho nilipokuwa naandaa uzi huu. Naomba niijibu kwa urefu.

Kwanza nakubali: anayesema "kiwango hiki hakiwezekani, vipimo ni hivi" amepeleka maarifa. Serikali haiwezi kutunga kanuni nzuri bila watu kama wewe. Ukiishia hapo, siwezi kukuambia umechukua msimamo.

Lakini nilichokiona kazini ni kwamba nyaraka chache sana huishia hapo. Kurasa za kwanza ni vipimo, majedwali, uzoefu. Ukurasa wa mwisho una maneno "hivyo basi tunapendekeza". Pale penye "hivyo basi" ndipo mtaalamu anapoiacha kalamu na kampuni inapoishika. Vipimo husema sumu kiasi gani inatoka. Havisemi ni kiasi gani mtu wa jirani anapaswa kukivumilia.

Na kuna jambo gumu zaidi ya hilo. Hata namba tupu huchaguliwa. Chukua historia ya madini ya risasi kwenye petroli, maana hapo kila kitu kilifanyika kwa lugha ya kitaalamu. Kiambato hicho kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi kadhaa wa viwandani walikufa kwa sumu ya risasi, na 1925 mganga mkuu wa serikali akaitisha mkutano kujadili kama petroli hiyo iruhusiwe. Sekta ilikuwa na wataalamu wake, na kwa miongo minne sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya daktari Robert Kehoe, ambaye utafiti wake ulilipiwa na sekta yenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba risasi mwilini ni jambo la kawaida, na anayedai ina madhara kwa kiwango hicho alete ushahidi. Inasikika kama sayansi tupu. Lakini kusema "tuendelee kuuza mpaka ithibitishwe kwamba inaua" ni uamuzi juu ya nani abebe hatari wakati tunasubiri. Hakuna kipimo cha maabara kinachotoa uamuzi huo.

Ndipo akatokea mwanakemia wa miamba, Clair Patterson, yule aliyepima umri wa dunia akapata takriban miaka bilioni 4.55. Katika kazi hiyo aligundua kwamba risasi imetapakaa kila mahali, hata sampuli zake zilikuwa zinachafuka, na mwaka 1965 akaandika kwamba kiwango kinachoitwa cha kawaida kimeletwa na binadamu mwenyewe. "Kawaida" ya Kehoe ilikuwa wastani wa watu ambao tayari wameshachafuliwa. Mwaka 1966 wote wawili walitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti. Petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani ilipigwa marufuku kabisa Marekani kuanzia 1996. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza vituoni ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Hesabu miaka kutoka 1923 hadi 2021. Watoto wa vizazi vyote hivyo walivuta moshi ule, na muda mwingi wa mjadala kilichokuwa mezani kiliitwa maoni ya wataalamu.

Sikuweki wewe kundi moja na hao, ndugu yangu. Nasema tu kwamba neno "kitaalamu" halitoshi kukitoa kitu kwenye siasa. Mtaalamu aseme kinachowezekana na kisichowezekana, ataje aliyemlipia nauli, na anayetaka kusema "hivyo basi" aseme kwa jina lake.

#9 Fundi Mitambo

Nimekuelewa. Ile ya "hivyo basi" naikubali. Nimekumbuka kwamba kwenye waraka wetu ilikuwepo, na hakuiandika mhandisi.

#10 Mhasibu Mkweli

Bado sijakubali yote, ila niulize la kiutendaji. Kama ushawishi ni siasa, utaudhibiti vipi bila kuzima haki ya mtu kuifikia serikali yake? Katiba ya Marekani, marekebisho ya kwanza ya 1791, inalinda haki ya kuiomba serikali irekebishe malalamiko. Huwezi kumwambia mwenye duka mmoja asimwandikie mbunge wake.

#11 Karani wa Zamani

Sitaki azuiwe, awe wa duka moja au elfu. Nataka ionekane tu.

Marekani kuna sheria ya 1995, ikakazwa 2007: wanaoshawishi kwa malipo wanajiandikisha na kutoa taarifa kila robo mwaka, nani amelipa, kiasi gani, juu ya muswada upi. Ina matundu, lakini mwananchi anaweza kufungua akasoma. Uingereza sheria ya 2014 iliwabana washauri wa kukodiwa peke yao, anayeajiriwa na kampuni moja kwa moja akaachwa. Matokeo yake yakaonekana 2021: waziri mkuu wa zamani David Cameron alikuwa amewatumia mawaziri ujumbe wa simu mara nyingi kuiombea kampuni ya fedha ya Greensill, na msajili akaamua kwamba hakutakiwa kujiandikisha kwa sababu alikuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo. Sheria haikuvunjwa. Ilikuwa imetungwa hivyo.

Kwa tumbaku dunia imekwenda mbali zaidi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2005, kifungu cha 5.3, unazitaka nchi wanachama zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya sekta hiyo. Hapo hakuna anayejifanya kwamba kampuni ya sigara ni mdau wa kawaida anayetoa maoni.

#12 Dada wa Maktaba

Tusisahau vyama vya wafanyabiashara. Huko ndiko kampuni zinakopitishia yale zisiyotaka kusema kwa mdomo wao. Unalipa ada, chama kinasema, wewe unabaki msafi.

Lakini kuna waliokataa huo usafi. Mwaka 2009 Chama cha Biashara cha Marekani kilipokuwa kinapinga sheria ya mabadiliko ya tabianchi, kampuni za umeme PG&E, PNM Resources na Exelon zilitangaza kujitoa, Apple ikafuata, na Nike ikaacha kiti chake kwenye bodi. Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, nayo ilijitoa kwenye taasisi ya mafuta ya Marekani mwaka 2021 kwa sababu zinazohusiana na tabianchi. Sasa, kama ushawishi wa chama ungekuwa huduma ya kibiashara tu, wangejitoa kwa nini? Walijitoa kwa kuwa waliona maneno yale yanahesabiwa kuwa yao.

#13 Karani wa Zamani

Dada, hili la vyama lilinipita kabisa. Asante. Ningeongeza tu kwamba mwanahisa ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: tunalipa ada kwa vyama vipi, na vinasema nini kwa jina letu? Wapo wanaouliza hivyo kila mwaka kwenye kampuni kubwa za Marekani, na baadhi ya kampuni zimeanza kuchapisha majibu.

#14 Nahodha wa Mchana

Karani, umenibadilisha kidogo. Ila hujatuambia: ile rasimu ya fidia iliishia wapi?

#15 Karani wa Zamani

Nilidhani hamtauliza.

Tuliiwasilisha. Siku ya kamati kusikiliza maoni nilikaa nyuma ya wakubwa wangu nikiwa na mafaili. Mwanasheria wetu alizungumza karibu nusu saa, akashukuriwa kwa "mchango wa kitaalamu". Baadaye akaitwa mzee mmoja, fundi wa kiwanda kingine, mkono wake wa kushoto una vidole viwili. Alikuja peke yake, bila karatasi. Akaanza kueleza kwa nini kile kifungu kisiondolewe, na alipofika kwenye maneno kwamba wenye viwanda wana nguvu kuliko wao, mwenyekiti akamkatisha: "Mzee, naomba tusiingize siasa hapa."

Akanyamaza, akaomba radhi, akarudi kukaa. Kifungu kiliondolewa.